Siku Bibi Alipomsemea Baba

Juzi ofisini kwetu Randburg, huku kusini mwa Afrika, wenzangu walibishana mpaka chai ikapoa. Timu kubwa ya mjini imemfukuza kocha, sasa nani ashike nafasi? Huyu mkali mno, yule kazeeka, wa tatu hajawahi kushinda kitu. Wanacheka, wanagonga meza. Mimi, rafiki yangu, vidole vilikufa ganzi nikamwaga maziwa. Watu wanachagua kocha, nami naogopa vilevile kama nilivyoogopa nikiwa mtoto. Jumamosi nikaenda Bertrams kuutazama mtaa wetu wa zamani.

Tulikaa karibu na uwanja mkubwa wa mpira, karibu kiasi kwamba goli likifungwa tulisikia kishindo kabla redio ya jirani haijatangaza. Ua mmoja wa saruji, familia kadhaa. Asubuhi ulinusa magwinya, maandazi ya huku, yakikaangwa kwenye spaza, kiduka cha kona, jioni maharage ya Bibi na ndizi za kupika, siku akizipata. Kazi yangu ilikuwa kufua jezi za timu yetu. Zilikuwa za kijani na zilichuja rangi, basi nilikwenda shule na vidole vya kijani, mwalimu akinitazama kama mgonjwa.

Timu ilikuwa ya wakimbizi: Warundi kama sisi, Wakongo, Watanzania wachache. Kocha wake alikuwa jirani yetu wa mlango wa pili. Tulipoifunga timu moja ya Jeppestown, mtaa wa jirani, kesho yake watu wakamsubiri kwenye robot, zile taa za barabarani. Wakamuuliza kama ni yeye anayepiga kelele kwa lugha ya kigeni pembeni ya uwanja. Akasema kweli, maana alikuwa mlokole. Wakamvunja mkono. Wiki hiyohiyo akahama na familia yake, hata kuaga hakuaga.

Nafasi ikawa wazi, na Baba akaitaka. Baba alikuwa kinyozi wa kando ya barabara, lakini Burundi aliwahi kufundisha mpira shuleni. Akaanza kupanga vifuniko vya soda mezani, huyu beki, huyu winga, huku akiimba. Nilikuwa nimesahau kuwa Baba anaimba. Nilipaswa kufurahi. Badala yake, geti likigongwa nilikimbilia nyuma ya mlango, na nikifua jezi niliuona mkono wa jirani ndani ya bendeji. Niliomba kila nilipopiga magoti Baba asichaguliwe.

Bibi, mama yake Baba, alisema mara moja tu: "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Baba akajibu, "Mama, mpira si vita." Bibi akaendelea kuchambua maharage.

Uchaguzi ulifanyika Jumapili baada ya ibada, hapo uani kwetu, mchungaji akiongoza na wachezaji wamekalia makreti. Wagombea walikuwa Baba na fundi cherehani mmoja, Mkongo. Sasa, kwetu mtu hajisemei. Ni kama kwenye posa: anayetaka hukaa kimya, mzee wake akamsemea. Na msemaji mwenye adabu huanza kwa kumshusha mtu wake. Wenyeji humbishia, ndipo naye akalegea na kummwagia sifa. Mchungaji alikuwa Mrundi, akataka wote wafuate hivyo. Fundi alisemewa na shemeji yake, ambaye kushusha hakujui. Alimpandisha mpaka mawinguni. Baba hakuwa na mzee wa kiume huku ugenini, kwa hiyo akasimama Bibi.

"Huyu mtoto wangu hana kitu," akasema. "Anakasirika mbio. Pumzi hana. Hata kunyoa, kichwa kimoja kinammalizia asubuhi yote."

Warundi wakatabasamu, wanaujua mchezo. Mchungaji akambishia inavyotakiwa: "Hapana, Mama, huyu tunamjua ni mwanaume." Baba akainua uso kidogo kungoja sifa zake. Mimi niliutazama mkono wa Bibi. Ulikuwa umekamata kitenge, haukiachii.

"Nimemaliza," akasema Bibi, akaketi.

Zile sifa hazikuja. Nahodha, kijana wa Kitanzania, desturi yetu hakuijua. "Sasa jamani," akasema kwa upole, "kama mama mzazi mwenyewe kasema hivyo, sisi ni nani tubishe?" Fundi akachaguliwa. Nililia kwa furaha nyuma ya kamba ya nguo, na nilipotoka nikamkuta Baba akiokota vifuniko vyake kimoja kimoja. Hakumsemesha mama yake mpaka Jumamosi.

Jumamosi ilikuwa mechi, na wapinzani walikuwa walewale wa Jeppestown. Fundi akaja kupiga hodi, midomo imemkauka. "Ndugu, miye niko naogopa," akamwambia Baba. "Usimame na miye, hata kando tu." Baba akavaa viatu. Bibi alimtazama akifunga kamba. Kisha akachukua kigoda chake, akanishika mkono, tukawafuata.

Wale wawili walisimama bega kwa bega wakipiga kelele kwa Kiswahili, mtu asijue kocha ni yupi. Tulishinda. Sikuwahi kuchukia ushindi kama siku ile. Wanaume wakaanza kuvuka uwanja kuja upande wetu, wa mbele ana fimbo. Akauliza kwa Kizulu, kocha wenu nani? Baba akafungua mdomo, fundi naye akafungua, lakini Bibi alishasimama mbele yao.

"Yimi," akasema, kwa Kizulu chake cha sokoni. Ni mimi.

Yule mwenye fimbo alimtazama sana, kile kibibi kifupi chenye kitenge. "Eish, gogo," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. Gogo kwao ni bibi. Wakageuka. Bibi alibaki wima mpaka walipopotea, kisha akaketi chini palepale, na Baba akambeba mgongoni mpaka nyumbani.

Kiwanja kile sasa ni ghala lenye uzio wa umeme. Fundi alihamia ng'ambo, jezi zilikwisha kwa kuchakaa, na Bibi tulimzika hapahapa, mbali na milima yake. Wanangu wanacheza mpira shuleni kwao. Wananiuliza kwa Kiingereza kwa nini wazazi wengine wanapiga kelele pembeni ya uwanja, kila mtu kwa lugha yake, na mimi napiga makofi tu. Nawaambia koo linaniuma. Kweli ni kwamba bado naogopa kuna mtu atavuka uwanja kuja kuuliza, na wa kumjibu sasa nimebaki mimi.