Jina la Mjomba Halikusomwa

Mama yangu, Mwanawetu, alizaliwa Mbwera, kwenye visiwa vya delta, na umri wake wote ameishi na redio. Huko mtu akifariki, waliomo dago, kwenye kambi za wavuvi ambako simu hazishiki, hupata habari kwa tangazo la redio. Hata baada ya kuolewa huku Kibiti, matangazo ya vifo yakianza alitunyamazisha nyumba nzima.

Baba yetu, Mwinyimvua, alifariki mwezi wa Rajabu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mama akaingia eda, na redio yake ya betri ikabaki kukoroma tu, haishiki stesheni. Kila siku aliniuliza jambo moja: "Hivi Fikirini hakusikia?" Mjomba Fikirini ni mdogo wake, amemlea mgongoni. Hakuja mazikoni, hakuja arobaini. Mama aliapa hatampigia simu.

Asubuhi moja nikanunua bando, nikamwekea redio kwenye simu yangu.

"Antena iko wapi?"

"Haina, mama. Inapita kwenye intaneti."

"Na bando likiisha, mtangazaji anakatwa katikati ya neno?"

"Anakatwa."

"Maskini!" Akacheka. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akicheka.

Sauti ilitoka safi, kana kwamba mtangazaji amekaa naye mkekani. Nikamwonyesha kwamba hata vipindi vilivyopita vimehifadhiwa, unachagua tarehe tu. Akaduwaa.

"Redio inarudi nyuma, Yasmini?"

"Inarudi."

"Basi nitafutie siku ya baba yako. Nijue kama tangazo lilisomwa."

Nilitafuta huku nimejiamini. Tangazo nililiandika mwenyewe, nimesimama kwenye kaunta ya duka la Murtaza tulipokuwa tunanunua sanda. Nikabonyeza. Mtangazaji akasoma jina la baba, akasoma saa ya maziko, kisha: "Habari ziwafikie Bashiru wa Ikwiriri, Zaitun wa Ngorongo, Badru na jamaa zake wote wa Mbwara..." Mama alikuwa anahesabu kwa vidole. Majina kumi na moja. Halafu ikapigwa kaswida.

"Rudisha."

Nikarudisha. Kumi na moja tena. Mjomba Fikirini hakuwamo. Huku kwetu ndugu wa karibu asiyetajwa kwenye tangazo amefungiwa mlango. Kila mtu anajua. Na mimi nilijua.

"Nani aliandika?"

"Mimi, mama. Wallahi nilisahau."

"Umemkumbuka Badru wa Mbwara, mtu wa mbali, ukamsahau mjomba wako?"

 Mama alichukua simu mwenyewe, akampigia mjomba. Mara ya tatu ikaita. Kwa bahati mjomba alikuwa ametoka dago kuuza kamba, yuko Mbwera mjini. Mama akaweka sauti ya nje.

"Fikirini, ulisikia tangazo la shemeji yako?"

"Nilisikia, dada. Nilikuwa nimeshaingia kwenye boti, tanki limejaa. Nikasema ngoja nisikie jina langu. Wakatajwa mpaka watu wa Mbwara. Basi nikashuka."

"Ukashuka!"

"Mwaka jana tuligombana na shemeji kuhusu nyavu, dada. Nikajua marehemu kausia nisimzike. Nikamsomea Yasini hukohuko, mimi na mikoko."

Mama alifunika mdomo kwa kanga. Siku zote hizo yeye alikuwa na kinyongo hapa, na nduguye analia kule, kwa mstari mmoja niliouruka mimi.

"Hakuusia kitu," akasema. "Njoo."

Alifika Ijumaa baada ya swala, na kikapu cha kamba wakavu begani. Niliposikia hodi nikamtazama mama. Hakuinuka mkekani.

"Mfungulie wewe," akasema. "Na umwambie kwa mdomo wako nani aliandika, kabla hajavua viatu."

Nikaenda.