Maji ya Mwenyekiti

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kuliko hata ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu: siku mama yangu aliposhindwa uchaguzi wa kitongoji huku Masumbwe. Karatasi za kura hazikuwepo. Mgombea alisimama, wanaomtaka wakajipanga nyuma yake, na sisi watoto tukatazama.

Mama aligombea kwa ajili ya kisima. Watu walikuwa wakiosha mchanga wa dhahabu mlimani juu ya kisima hicho, maji yakatufikia mekundu, na mdogo wangu Limbu akawa haishi kuumwa tumbo. Mpinzani wake, Mzee Masunga, ndiye aliyewaweka wale waoshaji pale. Mstari wake ulikuwa mrefu kuliko wa mama. Shangazi yetu, aliyekunywa uji kwetu asubuhi ile ile, nilimwona kwa macho yangu akienda kusimama huko. Nilitamani kumrushia jiwe.

Nyumbani Limbu akamuuliza mama, "Mayu, kwani wewe ni mbaya?"

Baba akadakia kwamba ule ulikuwa mchezo tu wa wakubwa. Mama akamkatiza.

"Usiwadanganye, Baba Limbu. Wameona." Akachuchumaa mbele yetu, machozi yanamtoka, wala hakuyafuta. "Nimeshindwa, wanangu, na inaniuma. Lakini sikukosea kutaka maji safi. Kesho nitayataka tena."

Nikasema shangazi simwamkii tena maisha yangu yote.

"Utamwamkia! Salamu haikugombea uchaguzi."

Kulipokucha alichota kisimani kibuyu kizima cha maji yale mekundu, akatuongoza hadi kwa Mzee Masunga. Akapiga magoti, akakishika kwa mikono miwili, kama tunavyompa mkubwa maji huku kwetu, akamwamkia.

"Mwangaluka, mwenyekiti. Hongera. Tumekuletea maji ya kisima chako."

Mwanangu, maji ya namna hiyo huwezi kuyakataa bila aibu. Mzee aliyatazama, akayaweka chini. Kesho yake tukarudi. Tukarudi tena na tena, mama anapiga magoti, sisi nyuma yake tunasema shikamoo, majirani wanachungulia. Mpaka mkewe akatoka jikoni, mwiko mkononi.

"Baba Kija, ama unywe, ama uwahamishe wale watu. Nimechoka kuona aibu mlangoni kwangu."

Waoshaji walihamishwa. Mama aligombea tena baadaye, akashindwa tena, akarudi nyumbani akatupikia.

Sasa nasikia wewe huko Nyasubi umeshindwa uenyekiti wa mtaa, na wajukuu zangu umewaambia kura bado zinahesabiwa. Mwanangu, hilo limeniudhi. Waite leo, kaa nao chini, uwaambie umeshindwa. Ukilia, walie na wewe. Wasikie kwamba kushindwa hakukufanyi mbaya, na kwamba waliokunyima kura bado ni majirani wa kuamkiwa. Kisha uwashike mkono uwapeleke kwenye ule mtaro unaofurika mbele ya shule, ule uliogombea kwa ajili yake, halafu kwa mwenyekiti mpya. Mpe hongera yake kwa adabu zote. Umuulize ataanza lini. Kesho umuulize tena.

Mimi goti la kushoto linaniuma siku hizi, lakini nikija kuwatembelea tutakwenda wote. Mungu akupe magoti yasiyochoka kupigwa mbele ya mlango wa mkubwa, na mdomo usionyamaza ukiwa umepiga magoti. Na wajukuu zangu wakuone.