Neno "tosha" lilivyomponza Papa Déo, mtunza bustani wa Brussels

Wakuu, heshima kwenu. Hii sikuhadithiwa, nilikuwepo na kamera shingoni.

Miaka ya tisini nilikuwa nasoma Brussels. Weekend nilikuwa volunteer wa chama kidogo cha mazingira. Tulikagua mashamba ya watu binafsi yenye mkataba wa hifadhi: mwenye shamba wa zamani alisaini kwamba miti fulani haikatwi, na anayenunua ardhi anarithi sharti hilo, apende asipende.

Basi pembezoni mwa Anderlecht, mji unapoishia, tukakuta mierebi (ndiyo, ile miti ya kwenye Biblia, ipendayo maji) imebaki visiki kando ya bwawa. Na mvua ya kule, hainyeshi wala haiachi.

Mwenye shamba akaruka kimanga. Ati mtunza bustani alijikatia tu.

Mtunza bustani mwenyewe alikuwa Papa Déo, mkimbizi kutoka Bukavu, Kifaransa chake cha kuombea maji. Mimi nikawa napiga picha visiki, dada mmoja Mkenya wa chama chetu akamhoji kwa Kiswahili. Nilikuwa mbali, sikusikia. Kumbe Papa alisema:

"Patron aliniambia: tosha ile miti yote. Bon, nikatosha."

Mimi ni wa Kigoma, neno hilo nimekua nalo sokoni. Kwa Wakongo, kutosha ni kuondoa.

Dada wa watu, mtoto wa Nairobi, akasikia "tosha" ya kwao, yaani basi. Akaandika kwa Kifaransa kwamba bosi alisema basi, miti isiguswe. Lile "nikatosha" hakulielewa, akaliacha. Papa akasaini, maana aliamini Mswahili mwenzake.

Maneno ya Papa niliyapata baadaye, nilipomuuliza yule dada alivyoyasikia. Tukakimbilia kurekebisha ripoti, lakini mwenye shamba alishapata nakala, na Papa alishafukuzwa kazi kwa karatasi yetu wenyewe. Tajiri akatoka msafi kama yai.

Nilimfuata Papa kwake Schaerbeek kumwomba radhi. Alinipa kiti, yeye akabaki amesimama.

"Muliniuliza, nikasema kweli," akaniambia taratibu. "Sasa munanitosha na mimi."

Roho iliniuma, wakuu, na bado inauma.

Funzo: Kiswahili ni kimoja kwenye salamu. Kwenye ushahidi, muulize mtu kwao neno lake lina maana gani.

Kama unalo neno la jirani lililowahi kukuponza, tiririka hapa chini, kabla halijamtosha mwingine.