Četrtek si Jumanne

Jumanne nilikaa barazani na begi tangu alfajiri, nikisubiri gari lililofika leo, Alhamisi.

Kosa ni langu.

Marija, muuguzi kutoka Slovenia, aliahidi kunipeleka Mahenge. Mdogo wangu alikuja huko kutoka Kigoma, kwetu, nilikoondoka miaka thelathini iliyopita. Hatujaonana tangu hapo.

Marija aliponiuliza twende lini, nikajibu kwa Kislovenia alichonifundisha: “Četrtek.”

Yaani siku ya nne. Nikajua ni Jumanne.

Kumbe wao huanza kuhesabu Jumatatu, sisi Jumamosi! Gari lilipochelewa nikadhani kivuko cha mtoni kimeharibika, nikasubiri na jana pia.

Leo honi ikalia. “Shikamoo mzee! Twende?”

“Marahaba. Mdogo wangu ameshaondoka; safari yake ya kurudi Kigoma ilikuwa jana.”

Nilipomweleza, akashika kichwa. “Lakini mzee wangu, Kiswahili nakijua! Si ungesema tu Jumanne?”

Ni kweli. Nilitaka kumfurahisha. (Na kujionyesha kidogo, nakiri.)

Nimechoka, ndugu zangu. Mdogo wangu anachojua ni kwamba alinisubiri, nami sikwenda.

Barua ya kumweleza haya, ninyi mngeianzaje?