Siku Simu Ilipokataa Picha ya Mama

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, mama yangu mzazi akiwa amelazwa sebuleni kwetu Mfaranyaki ndani ya jeneza, wanawake wa jumuiya wakimwimbia, nami mwanawe nikiwa chumba cha pili nimeinamia simu kama fundi saa. Nimeikumbuka kwa sababu Jumapili nilikusikia ukimwambia bibi yako mzaa mama, "Lete hiyo simu, Bibi, wewe hujui kitu." Ulikuwa unamwekea programu ya kuongea na mjomba wako kwa picha. Mtu mwenye historia kama yangu akikaripia papo hapo, hujikwaa kwenye historia yake mwenyewe. Nikaona heri niandike.

Usinicheke kwa kujifanya mzee. Mvi zangu bado si za kutisha, ila vijana wa bodaboda pale kona wameanza kuniamkia shikamoo, na mtu akiamkiwa mara nyingi mwisho huitikia.

Miaka ile nilikuwa nimetoka chuo kikuu, kijana wa shahada na shati lililonyooshwa, niliyeamini kwamba hakuna tatizo duniani lisilo na karatasi yake ya maelekezo. Simu yangu ilikuwa na vibonye vya herufi zote, kama taipureta iliyodumaa, na mtaani waliiita "kompyuta ya Gaspa". Wengine walipokuja nyumbani waliisalimia yenyewe kabla yangu. Intaneti ya simu hapa Songea ilikuwa bado mgeni mwenye maringo: ukisimama upande wa shamba la mihogo inakuja, ukikaa inaondoka.

Baba yako mkubwa, kaka yangu Severin, alikuwa akisoma nchi ya mbali huko kaskazini kwenye theluji. Kibali chake cha kuishi huko kilikuwa cha namna ya ukitoka hurudi, na simu yake ya mkononi ilikuwa imeingia maji wiki ileile. Mama alipofariki, njia pekee ya kumpata ilikuwa kompyuta ya chuoni kwake na programu moja niliyokuwa nimeiweka kwenye simu yangu, inayopitisha sauti kwa intaneti. Siku ya kwanza ya msiba tuliongea. Sauti ilikatika-katika, lakini ilikuwa sauti. Alilia, nikalia, kisha akauliza jambo moja tu.

"Gaspa, kabla hamjamfunika, nitamwona?"

"Utamwona, kaka."

Ahadi ni deni, mwanangu, nami nilikopa bila kutazama mfuko. Programu ile haikuwa na picha kabisa. Asubuhi ya mazishi nikagundua kuna toleo jipya linalojisifu kuwa nayo. Nikalipakua. Likaniuliza kama liondoe la zamani, nikabonyeza Ndiyo bila kusoma, kama bwana harusi mwenye haraka. La zamani likaondoka. Jipya likafunguka, likaonyesha kiduara kinachozunguka, likaganda hapo hapo.

Basi usomi wangu ukaingia kazini. Fundi mwenye akili hubadilisha kitu kimoja, akajaribu, ndipo akashika kingine. Mimi nilivishika vyote kwa mkupuo. Nikavuruga mipangilio ya intaneti, nikachomoa laini nikairudisha, nikabadili saa ya simu, nikafuta mafaili nisiyoyajua baba wala mama. Kila nilichogusa kilikuwa na sababu yake, lakini vyote pamoja vikawa matope. Mwisho nikairudisha simu kama ilivyotoka kiwandani. Ikawaka safi kabisa: haijui intaneti, haimjui Severin, hainijui hata mimi. Mtaka yote hukosa yote, walisema wahenga, na wala hawakuwahi kumiliki simu.

Huko sebuleni alikuwapo Mama Somoe. Huyu alikuwa Myao wa Tunduru, muuza korosho sokoni, rafiki wa Mama tangu mimi sijaota meno, na mtani wetu sisi Wangoni. Nyinyi siku hizi mnadhani utani ni maneno ya mpira. Kwetu mtani ana kazi msibani. Huwachekesha wafiwa wasije wakafuatana na maiti wao. Humwigiza marehemu alivyotembea, alivyokohoa, alivyogomba. Na ana ruhusa ambayo hapewi mtu mwingine yeyote pale, awe tajiri au mwenye joho. Tangu kulipokucha Mama Somoe alikuwa amejifunga kitenge cha Mama, anapita katikati ya waombolezaji mkono mmoja kiunoni, anafunua masufuria na kuguna, vilevile kama Mama. Watu walikuwa wanacheka huku wakijifuta machozi.

Akachungulia chumbani kwangu.

"Wewe Mngoni! Babu zako walitembea kwa miguu kutoka huko kwa Wazulu mpaka hapa, hawana ramani hawana simu, hawakupotea. Wewe umepotea ndani ya chumba cha kulala!"

Wanawake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka.

Mara akaja katekista. Padre yuko kanisani anasubiri, jeneza lifunikwe, watu watoke. Niliposikia hivyo jasho likanitiririka mgongoni, maana simu ilikuwa bado tupu na kaka yangu yuko mbele ya kompyuta huko kwenye baridi anangoja kumwona mama yake. Nikatoka mbio kuomba muda kidogo. Na nilichokikuta ni Mama Somoe amejilaza kwenye mkeka, kaziba mlango wa mbele wote, kuanzia fremu hadi fremu.

"Hatoki mtu hapa!" anasema. "Dada yangu ana safari ndefu na hamjampa hata chai. Wangoni wachoyo nyie! Wallahi sitoki!"

Wanaume waliokuja kubeba jeneza wamesimama, mikono mitupu. Mimi nikaona kizingiti kingine juu ya vizingiti vyangu. Nikapaza sauti.

"Mama Somoe, ondoka mlangoni! Hapa si kwenye ngoma!"

Wimbo ukakatika. Hata watoto nje walinyamaza. Mama Somoe alinitazama kutoka pale chini, akavuta kitenge cha Mama akajifunika uso. Mwanangu, kumfokea mtani msibani ni aibu ambayo kwetu haijapata hata jina, kwa kuwa hakuna aliyetegemea kwamba kuna mtu angeifanya.

Baba mdogo Kandidus, mdogo wa marehemu baba yangu na mkubwa wa ukoo siku ile, akanishika mkono akanitoa nje kwa mlango wa jikoni. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Mama yako yuko wapi?"

"Sebuleni, baba."

"Umekaa naye leo?"

Nikaitazama simu mkononi.

"Haya. Na yule aliyelala mlangoni, unadhani anacheza?"

"Anatuchelewesha, baba. Padre anasubiri, na mimi simu yangu..."

"Padre anasubiri, ndiyo. Mimi nikimwambia padre aendelee kusubiri, nimekosa adabu. Wewe ukimwambia, umekosa kuliko mimi. Lakini mtani akilala mlangoni, hata askofu atangoja, na hakuna wa kulaumiwa. Nilimnong'oneza Somoe kwamba Severin hajamuaga mama yake. Hakuniuliza simu inafanyaje kazi. Akaenda akalala. Mtu anakushikia muda, wewe unamfukuza!"

Nilitamani ardhi inimeze, ila ilikuwa na kazi nyingine siku ile.

"Sasa rudi ndani," akasema Baba mdogo, sasa kwa upole. "Kaa chini karibu na mama yako, uitengeneze hiyo simu ukiwa pale. Ikikubali, vizuri. Ikikataa, utakuwa umekaa na mama yako."

Penye wazee haliharibiki neno. Nikarudi. Nilipofika mlangoni nikapiga goti. "Nisamehe, Mama Somoe."

"Sisikii," sauti ikatoka chini ya kitenge. "Na mimi nimekufa."

Kwa mara ya kwanza siku ile nilicheka, na kicheko kikatoka na machozi yake. Nikaketi mkekani, bega langu limegusa jeneza. Nikamtazama Mama. Walikuwa wamemfunga kilemba cha kisichana, kimeinuka mbele kwa mbwembwe, kitu ambacho asingekubali akiwa hai. Nikakishusha kidogo. Nilikuwa sijamtazama tangu alipoletwa kutoka hospitali, kwa vile nilikuwa na shughuli ya kumtafutia mtu mwingine namna ya kumtazama.

Kisha nikaishika simu. Mchagua jembe si mkulima, nikajisemea, nikaliacha lile toleo jipya na maringo yake. Kwenye memori kadi lilibaki faili la programu ya zamani, si kwa busara yangu, ni kwa uvivu wa kusafisha. Nikalisakinisha. Nikatuma ujumbe kwa kampuni ya simu kuomba mipangilio ya intaneti, nikangoja. Wanawake walikuwa wameanza wimbo mwingine, nami nikajikuta naimba ile sauti ya chini ambayo Mama alinifundisha nikiwa kwenye kwaya ya watoto. Mipangilio ikaja, nikaihifadhi. Nikazima, nikawasha. Nikajaribu kitu kimoja, nikangoja, nikajaribu kingine.

Ikaita.

"Gaspa?" Ilikuwa sauti ya Severin, inatoka mbali kama mtu aliye ndani ya pipa. "Gaspa, sioni kitu. Iko wapi picha?"

"Huoni, kaka. Picha imekataa. Nimejaribu nikaharibu. Ni sauti tu."

Nilisikia anavuta pumzi, kisha hata pumzi sikuisikia. Nikadhani imekatika. Niliangalia simu, ilikuwa bado inahesabu.

"Nipe mimi," akasema Mama Somoe.

Alikuwa ameshainuka. Alikuja kutoka mlangoni kwa mwendo wa Mama, mkono kiunoni, goti la kulia likichelewa kidogo. Akaishika simu mbali na sikio, kama Mama alivyoogopa itamuunguza. Akakohoa kile kikohozi chake kikavu. Na ilipotoka sauti, mwanangu, shangazi zangu waliokuwa ukutani walishikana mikono.

"Severin! Umekula?"

Kule mbali kikaja kicheko kifupi, kikavunjika katikati.

"Nimekula, Mama."

"Umekula nini? Usinidanganye."

"Mkate, Mama."

"Mkate ni chakula? Ndiyo maana umekonda. Na hiyo baridi, umevaa fulana ndani, au unajionyesha kwa wasichana?"

"Nimevaa."

"Vaa mbili." Akaguna. "Haya baba, mimi natoka. Padre ananingoja, na unajua sipendi kuingia misani watu wameshaanza kuimba. Niage basi."

Severin alilia muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha. Kisha akasema maneno machache kwa Kingoni, ambayo ni yake na mama yake, sitayaandika hapa. La mwisho tu nitakuambia: "Nenda salama, Mama."

Mama Somoe akanirudishia simu. Akajipangusa uso kwa upindo wa kitenge, akawageukia wabeba jeneza. "Mmeganda nini? Tokeni na maiti yenu, Wangoni, mnachelewesha watu!"

Tukatoka.

Severin alirudi nchini baada ya masomo. Jioni moja nikajipa moyo nikamwomba radhi kwa ile picha niliyomwahidi. Akanishangaa. "Picha ipi?" akauliza.

Basi mwanangu, nikupe ninalotaka kukupa. Ukiweka programu kwenye simu ya mtu, soma kinachoulizwa kabla ya kubonyeza. Kinachofanya kazi usikiondoe mpaka kipya kimesimama. Badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo ushike kingine. Na jaribu mapema, si saa ambayo watu wamebeba jeneza. Hayo utayapata hata kwenye karatasi ya maelekezo. Lisiloandikwa huko ni hili: kabla ya kushika kifaa, uliza mwenye haja anahitaji nini, kisha keti karibu naye. Bibi yako hakutaka kujifunza simu Jumapili ile. Alitaka kumsikia mwanawe, na alitaka wewe ukae naye wakati mnamtafuta. Ulipompokonya simu mkononi, yote mawili yalimponyoka. Na mtu akikuzibia njia wakati una haraka, usimfokee kabla hujajua anazuia kwa ajili ya nani. Hasira hukimbia, majuto hutembea, lakini majuto ndiyo hufika nyumbani.

Nenda kwake Jumamosi hii. Mwamkie, mwachie simu mkononi mwake, umwelekeze pole pole hata akikosea. Mungu akujalie utulivu wa moyo na ulimi laini kwa waliokulea, na nyumba yako iwe mahali ambapo hakuna anayeogopa kukuuliza jambo kwa mara ya pili. Amina.