Kofia ya Mtani

Bi Mauwa wa Kinondoni aliolewa mara tatu, na waume wote watatu walikuwa wanabisha hodi kuingia nyumbani kwao wenyewe. Asubuhi alikuwaga anauza vitumbua, jioni anaongoza lelemama. Enzi zile za Mwingereza kila chama cha ngoma kilikuwa na mahasimu wake. Wa kwake walikuwa kina Bi Zaituni wa Temeke.

Siku moja harusini ulimi ukamponyoka. "Idd hii sie tunakula pilau Oysterbay, ufukweni, mbele ya majumba ya Wazungu!"

Bi Zaituni akacheka mpaka akashika nguzo. "Wewe? Usipofika nakutungia wimbo, utaimbiwa mpaka uzeeke."

Basi tena, hakuna kurudi nyuma. Idd pili tukaenda kwa miguu, wanawake na kanga zao za sare, na mie jirani nimebebeshwa sufuria ya pilau, maana mke wangu alisema sina kazi. Kule kimya, unasikia jani likianguka. Mchanga mweupe kama unga. Na askari, kofia nyekundu, rungu mkononi.

"Rudini! Hapa si Kariakoo!"

"Tunatia miguu majini tu, baba."

"Wazaramo kwa ngoma hamjambo. Rudini!"

Bi Mauwa akamtazama vizuri. "Kwenu wapi wewe?"

"Tabora."

"Mnyamwezi?"

"Halisi."

Lo! Kigelegele hicho! Mzaramo na Mnyamwezi watani toka enzi za misafara. "Mtani wangu! Kumbe mtumwa wangu ndiye ananizuia! Babu yako alitua mzigo wa pembe za ndovu uani kwetu, tukampa uji, leo unanionyesha rungu?" Akamvua kofia, akajivika mwenyewe, huyoo, majini mpaka magotini.

Askari, jina lake Didas, akabaki kichwa wazi. Angefanya nini? Mtani akikuchukulia kitu hununi, unakomboa. Akachungulia kama kuna Mzungu, kisha naye akacheka. "Haya, oga, mtumwa wangu. Lakini na mie mtani!" Akanijia, akanipokonya sufuria, akakaa nayo chini ya mvinje, akala. Nani amguse? Yeye tumemchukulia, naye kachukua.

Tukachezea maji mpaka vidole vikajikunja, tukarudi na njaa zetu. Kofia Bi Mauwa hakuirudisha. Alisema pilau si ukombozi, hilo kajichukulia.

Nyumbani tukamkuta Bi Zaituni anangoja, na wenzake. Akatuona tunagombania vitumbua vya asubuhi.

"Waliokula pilau ndio hawa? Mlijificha mikorosheni nyie!"

"Na kofia hii je?"

"Kofia zinauzwa sokoni, mwanangu." Akaanza kupiga makofi, wimbo huo unakuja. Bi Mauwa jasho linamtoka, sijapata kumwona vile.

Mara hodi. Didas, kichwa wazi, kuku kwapani.

"Mtani, nimeulizia kanga zenu za sare njia nzima. Nakomboa kofia. Bwana akinikuta hivi kesho, sina kazi."

Bi Mauwa akaificha kofia nyuma ya mgongo. "Sema kwanza. Nilikuvulia wapi?"

"Si Oysterbay, baharini, mbele ya nyumba ya bwana! Na pilau lenu chumvi ilizidi."

Makofi yakakatika. Bi Zaituni akajitia anafunga kanga vizuri.

Kuku akapikwa jioni ile ile, na Bi Zaituni akakaa akala, hana pa kwenda na wimbo wake. Chumvi alitia Didas.