Fundo la Mkononi mwa Baba

Vimia, zile nyavu za kurusha, anavyofuma mama yangu siku hizi havina kitanzi cha mkono. Mengine yote anayafanya kwa umakini wake ule ule: kilele chenye macho machache ya wavu, miduara inayozidi kupanuka kuelekea chini, upindo uliofungwa vyuma vya kuzamisha. Lakini kamba ya kuvutia anaiacha inaning'inia tu, ncha yake ameichoma moto isifumuke. Mnunuzi akiuliza mkono utaingia wapi, mama anamjibu kwa Kiswahili chake, "Mkono ni yako. Shika hivyo hivyo." Wengine hucheka wakidhani ni uzee. Mimi huwa natamani kumrarua mtu. Najizuia kwa sababu yeye mwenyewe anaendelea kufuma.

Sisi si watu wa samaki, hilo lijulikane mapema. Nilizaliwa ndani ya aqal, nyumba yetu ya kuhama ya mikeka na miti iliyopindwa, upande wa Modogashe, na kwetu samaki alikuwa kitu cha kutukania. Mtu akitaka kumchoma mwenzake anamwita mla samaki, na hapo watu wazima wanashikana mashati. Kisha ukaja ukame ule tunaoukumbuka wote. Mvua ilikataa msimu baada ya msimu, ngamia wakaanza kulala chini wasiinuke. Baba na wajomba waliwainua kwa mabega, huku baba akiwasemesha kama watoto wagonjwa. Alipokufa yule jike mkubwa, wa mwisho, baba alikaa kando yake mpaka jua likageuka, akanyanyuka, akapangusa vumbi, akaenda kukunja mikeka. Tukashuka Garissa kwa lori, sisi na vyombo na mbuzi mmoja.

Tulipata pa kujenga karibu na mto, katikati ya mathenge, ile miti ya miiba ambayo ukikata tawi moja yanaota mengine kukukomoa. Jirani yetu wa kwanza alikuwa Mmunyoyaya, mtu wa mto tangu babu zake, Mwislamu kama sisi ila kambare anamla kwa mikono miwili. Lugha yake na yetu hazikuelewana, hivyo nyua zetu mbili zilizungumza Kiswahili, chake laini, chetu cha kugongagonga. Mimi nimesoma shule hapa mjini, basi wakikwama naitwa mimi. Huyo jirani ndiye aliyemtazama baba siku moja, amekaa kwenye jerikeni tupu anachorachora mchangani, akamwambia, "Bwana, utakaa hapo mpaka lini? Huu mto haumfukuzi mtu."

Akamfundisha kurusha kimia. Wallahi tulicheka! Kurusha kunafunzwa kwanza nchi kavu. Unakunja kimia juu ya kiwiko cha kushoto, sehemu ya upindo unaibana kwa meno, nyingine mkono wa kulia, unazungusha kiuno, kisha unaachia vyote kwa pamoja ili kifunguke duara hewani kama sinia. Cha baba kilianguka kama shuka lililolowa. Alilalamika kwamba vyuma vina ladha ya grisi, na ni kweli, maana huku chubwi za risasi za kuzamishia hazikupatikana, wavuvi walifunga nati kuukuu za malori kutoka gereji. Siku kilipofunguka duara kwa mara ya kwanza, kilimfunika mbuzi wetu. Mbuzi akalia, kuku wakatawanyika, mama akatoka na mwiko mkononi akauliza kwa Kisomali, "Huyo ndiye samaki mwenyewe?" Nilikuwa sijamsikia akitania tangu tuhame.

Adeer wangu, mdogo wake baba, alikuja kutoka Modogashe akamkuta anaanika kimia uani. "Waryaa," akamwambia, "siku hizi unachunga samaki? Wanakamuliwa?"

"Hawadai malisho," baba akajibu, "wala hawaombi mvua."

Walicheka wote wawili, lakini adeer alipoondoka hakutaka kunywa chai iliyopikwa kwenye moto wetu. Nilimkata jicho mpaka alipopotea barabarani. Mtu ambaye hata punda hana!

Hicho kimia cha kujifunzia kilikuwa cha jirani. Cha kwetu alikifuma mama. Samaki hakumgusa, wala mpaka leo hajamwonja, lakini kufuma ni damu yake. Kwetu nyumba ni ya mwanamke: mikeka ya kuifunika anafuma yeye, kamba za magome anasokota yeye, mafundo ya kupakia mizigo juu ya ngamia anafunga yeye. Alikigeuza kimia cha jirani ndani nje, akavuta jicho moja kwa ukucha, akaguna. Akaomba uzi wa nailoni. Baba alimchongea sindano ya mti ya kufumia, yeye mwenyewe akakata kipande cha jerikeni kuwa kipimo cha macho, akaanza. Alifuma Ramadhani nzima na siku nyingi baada ya Idi. Kilipokamilika, jirani alikipitisha vidoleni mwake, halafu akasema hajaona macho yaliyolingana vile.

Jambo moja tu lilimshinda mama, nalo ni kuziba. Miba ya kambare inachana nyuzi, na jirani alimwonyesha kwamba tundu likitokea huanzi kushona. Kwanza unakata, unazidi kulipanua mpaka ufike kwenye mafundo mazima, ndipo unaposhikia uzi mpya. Mama aliona huo ni wazimu. "Natoboka kidogo," alimwambia, "wewe nataka mimi nikate kubwa?" Alikuwa akiunganisha nyuzi zilizokatika hivyo hivyo, kwa hila zake, ili mradi kisu kisipite kwenye kazi ya mikono yake.

Somo kubwa la jirani lilihusu kamba ya kuvutia. Alimpinda baba vidole kimoja kimoja. Kamba unaizungusha kwenye kifundo cha mkono bila kuifunga, ncha unaikamata ngumini. "Kimia kikishikwa na kitu kinachokwenda, achia," alisema. "Gogo, kiboko, mamba, sitaki kujua ni nini. Fungua ngumi. Kimia kinafumwa."

Baba alitikisa kichwa kukubali, lakini nilimwona anavyojitazama kiganja cha kulia. Kilikuwa na kovu refu, la ujanani. Kwetu kamba ya ngamia haiachiwi. Ngamia akishtuka akakimbia, unakimbia naye, akikuburura, unabururwa. Dume moja lilimburura baba katikati ya miiba mpaka ngozi ya kiganja ikabaki kwenye kamba, na hakuachia. Alikuwa akisema kwamba kovu hilo ndilo lililomposea mama: wajomba walitazama mkono, wakasema huyu apewe.

Hata hivyo alimsikiliza mwalimu wake. Asubuhi moja kimia kikashikwa. Baba hakuona ni nini, aliona kamba inakwenda tu, naye akafungua ngumi kama alivyofundishwa. Akarudi nyumbani mikono mitupu.

"Uliachia?" mama akauliza.

"Niliachia."

"Mwenyewe? Kwa mkono wako?"

Mama alinuna siku nyingi. Chai ya baba ikawa inakuja bila sukari, na baba anaimaliza bila kulalamika, kwa adabu kabisa. Mimi nilikuwa upande wa mama, nilimwonea uchungu. Ramadhani nzima ile, na macho yake yalishaanza kuchoka! Kisha asubuhi moja tukamkuta ameketi mlangoni na sindano yake ya mti, ameanza kilele cha kimia cha pili, na sukari ikarudi.

Hiki cha pili alikitilia kitanzi. Alisokota kamba nene, mwishoni akafunga fundo la ngamia, lile ambalo likivutwa linazidi kukaza, na likilowa halifunguki kwa vidole. Alfajiri baada ya swala baba alinyoosha mkono wa kushoto, mama akamfunga. Aliporudi amelowa, kimia begani na samaki kwenye mfuko, alinyoosha mkono ule ule kabla hata ya kuketi. Mama alichukua mudac yake, ile sindano nene ya kufumia mikeka, akalipenya fundo taratibu mpaka lilegee. Ilikuwa kila siku hivyo. Wazazi wangu si watu wa kushikana mikono mbele ya watoto, na naamini wote wawili waliipenda saa ile. Baba angeweza kuomba kitanzi cha kulegea. Hakuomba.

Jirani alipoliona fundo alikasirika. Alikuja uani hata salamu akaisahau. "Mama, umemfunga mumeo na mto!"

"Kamba nafunguka ni kamba ya nini?" mama akamjibu, bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yake.

"Ni kamba ya mtu anayerudi nyumbani!"

Nilitafsiri, nikitafuta maneno yasiyouma. Mama akasema nimwambie kwamba amefunga mizigo ya nyumba nzima juu ya ngamia tangu akiwa msichana, na hakuna kilichowahi kuanguka njiani. Baba akaingia kati anacheka, akakipigapiga kisu chake kiunoni. Kisu hicho hakikumtoka tangu ujana, ndani ya ala ya ngozi. "Mzee, mbona una wasiwasi? Mambo yakiharibika nitakata."

"Utakata?"

"Nitakata."

Jirani akanigeukia. "Umesikia? Wewe ni shahidi." Nikasema nimesikia. Akaondoka anatikisa kichwa, na tangu siku hiyo akawa anarusha kimia chake karibu na mahali anaporushia baba, ingawa samaki walikuwa wengi kwingine.

Msimu wa mvua redio ikaanza kutangaza kwamba bara kunanyesha sana na mto utapanda. Ulikuwa bado haujapanda sana. Maji yalikuwa yamegeuka mekundu mazito, na maji ya namna hiyo huwasukuma kambare kuja ukingoni, kila mvuvi analijua hilo. Mama alimfunga mkono kama kawaida. Baba alimwambia atarudi mapema, amwekee chai.

Yaliyofuata aliyaona jirani, ametusimulia mara nyingi, na kila mara anasimama ili aonyeshe. Kimia kilifunguka vizuri, duara kabisa, kikazama. Gogo la mathenge lililong'olewa huko juu lilikuwa linakuja chini chini ya maji, halikuonekana. Likakikumba. Jirani aliona kamba ikikaza, akaona baba anachimba visigino mchangani na kuegemea nyuma, vile anavyosimama mtu anayezuia ngamia. Akapiga kelele, "Kata! Kata!" Baba aligeuka, akamtazama. Jirani anaapa kwamba alisikia. Kisha badala ya kupeleka mkono wa kulia kiunoni, aliupeleka kwenye kamba, akaishika kwa mikono yote miwili. Ukingo ukameguka chini ya miguu yake.

Inna lillahi. Mama alikaa mlangoni na sufuria ya chai mpaka ikafanya ngozi juu. Wamunyoyaya wote wa pale walitoka na vimia vyao, wakawa wanarusha na kuvuta kuteremka na mto, mbele ya macho ya mamba, wakimtafuta mtu ambaye watu wake wangewaita wala samaki. Adeer alifika kutoka Modogashe akasimama ukingoni na viatu mkononi, hajui kuogelea, hajui kurusha, analia kwa sauti. Nilimsamehe ile chai hapo hapo. Kesho yake kabla ya adhuhuri jirani akampata, kwenye kona ya mto, gogo limekwama matopeni. Kimia kilikuwa bado kimelizunguka lile gogo. Hakuna jicho lililokatika.

Wakamleta kwa mkokoteni wa punda, wakamlaza ndani. Kamba walikuwa wameikata juu ya fundo, lakini kitanzi kilikuwa bado mkononi, kimezama kwenye nyama. Mzee aliyekuja kuosha maiti akasema lazima kitolewe, akaomba wembe. Watu wakaanza kuulizana nani ana wembe.

"Hakuna kukata," mama akasema.

Aliingia na mudac yake. Wanaume walitazamana, kisha mzee akasema ni mkewe, ana haki, mwacheni. Akaketi chini, akauchukua ule mkono wa kushoto, akauweka pajani kama kila siku. Fundo lilikuwa limekaza kuliko siku zote. Hakuharakisha. Alilipenya upande huu, akaligeuza, akalipenya upande wa pili. Likalegea. Akakivua kitanzi, akauchua mkono pale kilipokuwa kimembana.

Ndipo alipofika kiunoni, kumfungulia mkanda. Kisu kilikuwa ndani ya ala, na kijikanda cha kukishikilia kilikuwa bado kimefungwa.

Mama alikitazama. Alimwinamia baba karibu na sikio, akasema naye kwa lugha yetu, polepole, kama mtu anayemwelekeza mwenzake kitu chepesi ambacho alipaswa kukijua.

"Ungekata, baba watoto. Mimi ningefuma kingine."